Somo la Kutua Kimya

Mwalimu mkuu hakumwambia akae. Alikuwa ameishika simu yake kwa ncha za vidole, kama mtu aliyeokota soksi ya mwenzake, akaisogeza mpaka karibu na pua ya mwalimu wa michezo ili ajionee mwenyewe alichokifanya.

"Hii ni nini?"

Mwalimu wa michezo akatazama. Ilikuwa video yake. Sekunde arobaini tu: miguu ya watoto inakuja mbio kwenye mstari wa chaki, inaruka, inatua, vumbi, kisha miguu mingine inakuja. Hakukuwa na uso hata mmoja, maana simu alikuwa ameiegemeza kwenye tofali, chini kabisa, na picha ilikatikia magotini.

"Ni kipindi changu cha darasa la sita, mwalimu mkuu. Nilikiweka kwenye kundi letu la walimu wa michezo. Nilikuwa nauliza swali."

"Swali! Umeuliza swali gani mpaka likanirudia mimi hapa kutoka kwa wafadhili?"

"Niliuliza kwa nini wanatua kwa visigino."

Mwalimu mkuu akacheka, kicheko cha mtu asiyeona la kuchekesha. Akairudisha video mwanzo.

"Haya, mwalimu. Nionyeshe kiatu."

"Samahani?"

"Humu ndani. Kiatu kimoja tu. Nionyeshe."

Mwalimu wa michezo akaitazama tena video ile aliyokwisha kuitazama mara ishirini. Alikuwa ameona visigino, ameona magoti yasiyokunjika, ameona mtoto wa tatu anarukia mguu mmoja na kutua upande. Lakini kwamba miguu yote ile ilikuwa pekupeku, hilo hakuwa ameliona. Ungemwuliza hata jana asingekujibu. Miaka minne alikuwa anafundisha miguu mitupu, na jicho likizoea kitu haliulizi tena.

"Hakuna, mwalimu mkuu."

"Hakuna," akarudia yule, taratibu, kama anamsahihishia mtoto imla.

Nyuma ya kiti chake, ukutani, ilining'inia picha kubwa yenye fremu. Watoto wa shule nzima wamepangwa uwanjani, kila mmoja ameinua mguu mmoja kuonyesha kiatu kipya cha michezo, na katikati yao mama mmoja wa shirika amevaa kofia pana, anacheka. Picha ile ilipigwa miaka miwili iliyopita. Haikuonyesha kilichofuata baada ya gari la wageni kutoka getini: watoto walipangwa mistari ileile, wakaambiwa wavue, viatu vikatiwa kwenye magunia na kufungiwa stoo, "visije vikaharibika". Vingevaliwa wageni wakija. Wageni hawakuja tena, na ufunguo ukakaa kwenye droo ya mwalimu mkuu. Walimu wote walijua. Wazazi walijua. Jambo la ajabu likifanywa na ofisi, tena kwa upole na kwa daftari la kumbukumbu, watu huliita utaratibu.

"Video yako imesambaa mpaka kwa shirika, nao wameandika," mwalimu mkuu akasema. "Wanauliza viatu viko wapi. Alhamisi wanakuja kuona. Leo ni Jumatatu."

"Si tuvitoe tu, tuwape watoto?"

"Tuvitoe!" Akamtazama kwa mshangao wa kweli, na hapa tumtendee haki: hakuwa mwizi. Hakuuza hata jozi moja. Alikuwa mmoja wa wale watu ambao kitu kizuri wanakiogopea watumiaji wake. "Tuvitoe wavipasue, halafu mgeni akija tumwonyeshe nini? Wewe unafikiri shule inaendeshwa kwa filimbi?"

Mwalimu mkuu akavuta karatasi kutoka kwenye jalada, akaiweka mezani katikati yao.

"Mkataba wako unaisha mwisho wa mwezi. Hili ni pendekezo langu la kukuongezea mwaka. Sijalitia saini." Akalifunika kwa kiganja. "Nenda nyumbani. Leo hii uandike kwenye kundi lilelile kwamba watoto uliwavua viatu wewe. Kwa makusudi. Ni mbinu. Nyie wa mitandaoni si kila siku mna mbinu mpya? Basi na hii ni mbinu. Kutua pekupeku. Ukishaandika, unipigie picha ya maandishi unitumie, niwapelekee shirika."

"Lakini sikuwavua. Mwalimu mkuu, walimu wale wananiamini. Nikisema ni mbinu..."

"Ndiyo maana watakuamini," akasema, akamwonyesha mlango.

*

Nyumba yao ilikuwa vyumba viwili na kibaraza. Kibarazani yalisimama majokofu matatu yasiyo na milango, maana mumewe alikuwa fundi friji, na wateja wa mtaa ule walileta majokofu wakasahau kuyafuata. Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye ngazi anachambua mchele. Binti yao, Kidoti, wa darasa hilohilo la sita, alikuwa anafagia.

Mwalimu aliwaeleza kabla hata hajavua raba zake. Fundi akamsikiliza huku bisibisi iko mdomoni, na alipomaliza akaitoa.

"Andika."

"Ni uongo, baba Kidoti."

"Andika tu. Maneno hayo. Mimi kila siku namwambia mteja gesi imeisha. Wakati mwingine imeisha kweli."

"Mteja wako haendi kumfundisha mtu hiyo gesi."

"Wewe ulisomea lugha," fundi akasema. "Filimbi walikupa kwa sababu ulikuwa mdogo kuliko wenzako na hakuna aliyetaka jua. Leo unataka tukose mkataba kwa ajili ya filimbi?"

Hilo lilimchoma, kwa sababu nusu yake ilikuwa kweli. Alisomea lugha. Mwaka wa kwanza hakujua afanye nini na watoto sabini na mpira mmoja uliochanika. Aliwaambia wakimbie kuzunguka uwanja, na walipochoka akawaambia wapumzike. Wenzake walimwomba kipindi kama watu wanavyoomba chumvi: niachie darasa la sita leo nimalizie hesabu, kwako si wanacheza tu. Akawa anawaachia. Hakuna semina aliyowahi kuitwa, hakuna kitabu alichopewa. Aliyemfundisha kazi ilikuwa simu ile, yenye kioo kilichopasuka, na bando alilonunua kwa pesa yake mwenyewe.

Kwenye kundi lile walikuwapo walimu mia mbili na zaidi, wa shule asizozijua. Mmoja aliwafundisha kusuka mpira kwa mifuko na kamba za katani. Mwingine alionyesha namna ya kuwapanga watoto sabini kwenye vituo saba ili pasiwe na anayesimama kusubiri. Walikuwa na sheria zao: usirekodi uso wa mtoto, usimcheke mwenzako, ukijaribu kitu kikafeli useme kimefeli. Yeye walimwita Mama Filimbi. Wiki iliyopita alipouliza juu ya visigino, alijibiwa na mwalimu mmoja mzee kidogo, ambaye wote walimwita Kamba kwa sababu ya michezo yake ya kuruka kamba. "Dada, waambie watue kimya," aliandika. "Magoti yakunjike kama unataka kukaa kwenye kiti halafu ukaghairi. Atakayesikika ametoka mchezoni." Akaujaribu. Uwanja mzima ulinyamaza, watoto sabini wanatua kama wanaiba, na alipomwona mtoto mzito kuliko wote anashuka bila sauti kisha anageuka kumtafuta mwalimu wake kwa macho, alitamani kupiga kelele.

"Mle ndani wanaiga," akamwambia mumewe. "Ninachoandika leo, kesho kuna mtu yuko nacho uwanjani. Huelewi hilo."

"Watu wazima hao. Wana akili zao."

"Simu hiyo nilisema itakuja kutuvunjia nyumba," mama mkwe akadakia kutoka kwenye ngazi. Akapepeta ungo mara mbili, kisha akausimamisha. "Lakini hebu nielewe mimi. Viatu vya watoto, vimefungiwa, watoto wenyewe wanakanyaga chini. Vinalindwa nani asivichukue?"

"Wao wenyewe, mama. Watoto."

"Basi huyo mkuu wenu ana wazimu."

"Ana wazimu na ana saini," fundi akasema. "Mama, usimpe kichwa. Kodi ya nyumba hii inalipwa na mshahara wake, si majokofu haya. Mama Kidoti, nakuomba. Andika. Usitutilie mchanga kitumbua chetu."

Kidoti alikuwa ameacha kufagia. "Vyangu vilikuwa na mstari wa buluu," akasema. "Nilivivaa tangu asubuhi mpaka walipopiga picha."

Bibi akarudi kwenye ungo wake.

*

Jua lilikuwa bado halijazama alipokaa kwenye kitanda kuandika. Alianza mara tatu akafuta. Mara ya nne maneno yakaja, na hapo ndipo palipokuwa na ubaya, kwa maana alikuwa mwandishi mzuri na mwalimu mzuri, na uongo wake ukatoka umenyooka kama somo.

"Walimu wenzangu, wengi mmeuliza kuhusu miguu ya watoto wangu. Niliwavua viatu kwa makusudi. Mguu mtupu huihisi ardhi, na mtoto hujifunza mwenyewe kutua kwa mbele badala ya kisigino. Kwenye video walikuwa bado wanaanza; nilipoongeza na kutua kimya nimeona mafanikio."

Hakuna aliyekuwa ameuliza. Akabonyeza, ikaenda.

Majibu yakaanza kuingia. Dole gumba. Dole gumba. Makofi. Mmoja akaandika kwamba ameihifadhi. Kisha Kamba: "Asante sana dada. Wangu wana mabuti ya mvua, wanatua kama magunia ya viazi. Nimejaribu kila kitu. Kesho nawavua."

Uwanja wake yeye, kila asubuhi kabla ya kengele, aliuzunguka na ndoo akiokota misumari, vigae vya chupa, vifuniko vya soda. Alifanya hivyo miaka minne kwa sababu watoto wake hawakuwa na viatu, si kwa sababu ya mbinu yoyote. Hilo hakuwa ameliandika. Kuliandika ni kujiumbua mwenyewe. Akaanza: "Kaka, kabla hujawavua..."

"Imeenda?" fundi akauliza mlangoni.

"Imeenda."

"Basi mtumie mkuu, uzime hiyo simu upumzike. Umefanya vizuri."

Akafuta ile mistari aliyoianza. Akampigia mkuu picha ya maandishi, akamtumia, akazima simu. Tuseme wazi, maana kuna watakaomtetea: aliogopa. Aliuogopea mkataba, akamwacha mwenzake aende uwanjani na nusu ya habari.

*

Alhamisi asubuhi stoo ikafunguliwa. Magunia yakamwagwa sakafuni na harufu ya mpira mpya ikatoka, kali, kama dukani. Viatu vilikuwa safi mpaka nyayo. Ubaya ni kwamba vilikuwa vimelala miaka miwili, na watoto hawakuwa wamelala. Walikuwa wamekua.

"Haviingii, mwalimu," watoto walikuwa wanasema, mmoja baada ya mwingine. "Mwalimu, haviingii."

"Vikazeni," mwalimu mkuu akasema, anapita na saa mkononi. "Ni saa moja tu. Jikazeni kisabuni. Mwenye mguu mkubwa achukue cha kaka yake wa darasa la saba."

"Wa darasa la saba nao vimewabana, mwalimu mkuu," mwalimu wa michezo akasema.

"Mwalimu, leo sitaki mbinu."

Kidoti alipata pea moja yenye mstari wa buluu, labda ileile yake, na vidole havikuenea. Akapewa nyingine kubwa kidogo. Mama yake akapiga goti na kumfunga kamba, na alipomminya mbele aligusa kidole kilichojikunja. Kidoti akauma mdomo. Mama yake akaendelea kufunga, akafunga na kiatu cha pili, kisha akasimama kwenda kumfunga mtoto wa mtu mwingine.

Wageni walifika saa nne: mama yule wa kofia pana, kijana wa kamera, na dereva. Watoto wakapangwa. Waliimba wimbo wa kukaribisha wakiwa wamesimama kwa visigino, wakihamisha uzito kutoka mguu huu kwenda huu, na kwa mbali ungesema wanacheza.

"Nimefurahi sana," mgeni akasema. "Maana ile video ilitushtua kidogo."

"Mlishtuka kwa sababu hamkumjua mwalimu wetu," mwalimu mkuu akasema, akamwekea mwalimu wa michezo mkono begani. Hakuwahi kumgusa bega tangu aajiriwe. "Huyu anasoma sana kwenye mitandao. Ana mbinu zake za kisasa. Kutua pekupeku! Mimi mwenyewe mwanzoni niliona ajabu, lakini sisi hapa walimu wabunifu tunawaunga mkono."

"Hongera, mwalimu."

"Asante," akasema mwalimu wa michezo, na akatabasamu. Meno yake mwenyewe yalimkera.

Mgeni aliinama, akamshika mtoto mmoja mguu, akauinua kama mtu anayekagua kwato, akatazama chini ya soli. Nyeupe. Karatasi ya namba ilikuwa bado imebandikwa. Mwalimu wa michezo akashusha pumzi. Basi, akafikiri, imekwisha, ameona, na vizuri aone.

"Miaka miwili!" mgeni akamwambia kijana wa kamera. "Tazama usafi huu. Hawa watoto ni watunzaji wa ajabu. Piga hii, piga karibu."

Kamera ikapiga. Watoto wakainua mguu mmoja mmoja, kama safari ile.

Wageni walipokwenda ofisini kunywa chai, mwalimu mkuu alimwita humo mwalimu wa michezo, akachukua kalamu mbele ya mgeni, akatia saini pendekezo, akaongeza na muhuri. Mkataba nao ukawekwa mezani. Mgeni akapiga makofi kidogo. Simu ikatetemeka kwenye mfuko wa suruali ya mwalimu wa michezo, ikanyamaza, ikatetemeka tena.

Aliitoa alipofika nyuma ya stoo. Ulikuwa ujumbe wa sauti kutoka kwa Kamba. Hakuwahi kuisikia sauti yake. Ilikuwa ya chini, ya mtu mwenye adabu, na nyuma yake palisikika mlango wa chuma na watu wakiita namba.

"Mwalimu mwenzangu, habari za kazi. Samahani kukusumbua. Juzi niliwavua viatu kama ulivyotuelekeza, siku ya kwanza ikawa vizuri kabisa. Jana mtoto mmoja wa kike akatua juu ya kigae cha chupa. Tuko hospitali. Daktari anasema mshipa wa kidole gumba umekatika, wameushona, ila kama atakimbia tena hajui. Huyu ndiye mkimbiaji wangu. Mimi sikulaumu, dada, uwanja ni wangu, nilipaswa kuukagua. Ila mkuu wangu anataka maelezo ya maandishi, anasema nimejitungia mambo kichwani na kuwafanyia watoto wa watu majaribio. Mzazi naye ameshika kichwa. Naomba uniandikie mistari miwili tu, na jina la shule yako, kwamba mbinu hii unaitumia na inafanya kazi. Wakiona inafanyika kwingine watanielewa. Nisaidie, dada."

*

Alipofika nyumbani mchana ule fundi alikuwa amenunua soda nne, ameziweka ndani ya jokofu pekee lililokuwa linafanya kazi, la mteja. Alikuwa amekwisha kusikia kwa watoto wa jirani kwamba wageni wamefurahi.

"Lete tuuone," akasema. Mwalimu akautoa mkataba kwenye mkoba, fundi akafuta mikono kwanza ndipo akaushika, akausoma mpaka kwenye muhuri. "Mwaka mzima! Nilikuambia. Si nilikuambia?"

Kidoti alikuwa kwenye ngazi, miguu ndani ya beseni. Mama mkwe alikuwa anamwagia maji ya chumvi kwa kikombe, na vidole viwili vya mtoto vilikuwa vimetoka malengelenge. "Saa moja tu," bibi alikuwa ananung'unika. "Saa moja, wamfanye mtoto hivi."

Mwalimu akaiweka simu juu ya jokofu, akaongeza sauti, akabonyeza.

Walisikiliza wote wanne. Sauti ya Kamba ilipofika kwenye "mimi sikulaumu, dada", fundi akauweka mkataba juu ya jokofu. Ilipoisha, mama mkwe akaendelea kukishika kikombe hewani.

"Maskini," fundi akasema baadaye. Akajikuna shingo. "Basi mwandikie. Si anaomba mwenyewe? Mistari miwili, inamwokoa, na wewe haikupunguzii kitu."

"Nimwandikie kwamba inafanya kazi."

"Ndicho anachotaka."

"Halafu yule aliyesema ameihifadhi? Walimu mia mbili wako mle, baba Kidoti. Wengine wana viwanja vyenye mawe. Wananisubiri mimi niwaambie wafanye nini kesho, kwa sababu hawana mwingine wa kuwaambia, kama mimi nilivyokuwa sina." Sauti ilimpanda, na hakuishusha. "Mtoto wa watu amekatika mshipa kwa sababu kuna magunia ya viatu yalihitaji heshima! Yule mkuu hajui hata kama mtoto yule yupo. Anakunywa chai! Na yule mama amekishika kiatu mkononi, amekiona kipya, akasema watoto ni watunzaji! Na mimi nikasema asante. Nilisema asante, unasikia?"

Mwalimu akaingia ndani, akatoka na daftari la Kidoti, akachana karatasi mbili za katikati. Akakaa kwenye ngazi pembeni ya beseni, akaandika kwa mkono, kwa sababu ofisi ya Kamba ingetaka karatasi. Aliandika haraka, bila kufuta.

Alipomaliza akampa mumewe asome. Fundi alisoma kwa midomo, kama kawaida yake.

"Kwa Mwalimu Mkuu wa shule ya mwalimu mwenzangu. Mwalimu wako hakujitungia. Alidanganywa, na aliyemdanganya ni mimi. Mbinu ya kuwavua watoto viatu haipo. Sikuwahi kuifundisha. Watoto wangu walikuwa pekupeku kwa sababu viatu walivyopewa vimefungiwa stoo kwa miaka miwili, na niliagizwa kuandika vile ili jambo hilo lisijulikane. Adhabu yoyote anayopewa yeye ni yangu. Nipo tayari kuyasema haya mbele ya mzazi wa mtoto."

Chini yake kulikuwa na jina, saini, na jina la shule. Chini zaidi aliandika: "Nakala kwa: Mwalimu Mkuu wangu. Nakala kwa: Shirika. Nakala kwa: Kundi la walimu wa michezo, wote."

"Unajua maana ya hizi nakala," fundi akasema.

"Najua."

"Kweli unajua."

"Nimezisoma kabla yako."

Fundi akaisoma karatasi tena kuanzia juu. Kidoti alikuwa amemkodolea macho baba yake, miguu imetulia ndani ya maji.

"Hapa umeandika 'niliagizwa'," akasema hatimaye. "Hujasema na nani."

"Watajua."

"Hawatajua. Sema. Mkuu wako." "Na mimi uniweke. Yeye alikuambia mara moja. Mimi nimekuambia leo na Jumatatu."

"Wewe si mwalimu, baba Kidoti."

"Huyo mtoto hospitalini hajali nani ni mwalimu."

Mwalimu akaichukua karatasi, akaongeza 'na mwalimu mkuu wangu' juu ya mstari, sehemu ya mumewe akaiacha. Kisha akaiweka juu ya goti, akaipiga picha, akamtumia Kamba. Akaituma kwenye kundi. Akaituma kwa shirika, kwa namba ya simu aliyoinakili asubuhi kutoka nyuma ya magunia. Ya mwisho akaituma kwa mwalimu mkuu, na hiyo ilimchukua muda kidogo, kwa sababu kioo kilikuwa kimepasuka.

Hakuna aliyegusa soda. Fundi aliuchukua mkataba pale juu ya jokofu, akaunyoosha pembe iliyojikunja.

"Na huu?"

"Utafutie bahasha safi," akasema mkewe. "Kesho asubuhi wataudai."